Mbuna Wanaofanana: Namna ya Kuwatambua na Kuwafuga Bila Kuuana Tangini

Nilinunua samaki 12, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, wote wa buluu wenye mistari myeusi iliyosimama. Muuzaji aliniambia ni demasoni, aina mojawapo ya mbuna, samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Nyasa. Baada ya miezi saba, wawili kati yao walianza kubadilika: kwanza mapezi, kisha kidevu, mwishowe ubavu mzima ukawa wa manjano. Kufikia hapo walikuwa wamewazidi wenzao karibu mara mbili kwa ukubwa, na nilikuwa nimeshaopoa watano waliokufa, mikia imenyofolewa mpaka kwenye shina. Wale wawili hawakuwa demasoni. Walikuwa madume ya kenyi, mbuna wa sehemu nyingine kabisa ya ziwa, na mimi ndiye niliyewafungia chumba kimoja na samaki wanaoishia sentimita 8.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na jina la samaki, kabla ya tangi, chujio au chakula. Ukubwa wa tangi, idadi ya majike, nani aishi na nani: yote yanategemea kujua uliyeleta nyumbani ni nani.

Tunazungumzia samaki gani

Mbuna ni jamaa wa sato, perege na furu. Wanasayansi wanawaweka wote katika familia moja, Cichlidae. Wenyewe wanaishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, lile ambalo majirani zetu wa ng'ambo wanaliita Ziwa Malawi, na neno mbuna limetoka kwa Watonga wa huko. Upande wa Tanzania wako kuanzia miamba ya Kyela na Ludewa hadi wilaya ya Nyasa kule Mbamba Bay.

Mbuna haachi mwamba wake. Kati ya mwamba na mwamba kuna mchanga mtupu au kina kirefu, na samaki wa sentimita 8 havuki uwanja wa namna hiyo, ataliwa njiani. Kwa hiyo kila mwamba umelea watu wake, na wote wanachota kwenye rangi zilezile tatu: buluu, manjano na nyeusi. Ziwani mfanano huo hauna madhara kwa kuwa wanaofanana wengi hawaonani kamwe. Demasoni anatoka Pombo Rocks, Tanzania. Kenyi anatoka visiwa vya Mbenji, Malawi. Saulosi anatoka mwamba mmoja karibu na kisiwa cha Chizumulu. Dukani wanakutana ndani ya tangi moja la futi mbili.

Hatua ya 1: Mtazame akiwa ametulia

Usimtambue mbuna akiwa kwenye ndoo nyeupe au mfuko wa plastiki. Akiogopa, rangi hupauka na mistari hufifia; akiwa anapigana, hukolea kupita kiasi. Simama mbele ya tangi la muuzaji dakika kumi bila kugonga kioo. Dakika za mwanzo watajificha au watakuja mbele wakidhani umeleta chakula. Baadaye watarudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo utawaona walivyo.

Kisha piga picha za ubavu, siyo za juu. Unahitaji kuona vitu vitano: mistari imesimama au imelala, inafika kichwani au la, pezi la mgongoni lina nini ukingoni, mkia una michoro gani, na umbo la mdomo. Rangi ya mwili iache ya mwisho. Ndiyo inayovuta macho, na ndiyo inayobadilika.

Muulize muuzaji maswali mawili: "Wazazi wao unao? Naweza kuwaona?" Akikuonyesha dume na jike waliokomaa, nusu ya kazi imekwisha. Akikuambia "ni Malawi mchanganyiko", jua unanunua bahati nasibu.

Hatua ya 2: Watenganishe wanaofanana

Hapa chukua muda wako, maana makosa karibu yote yanatokea kwenye makundi manne yafuatayo.

*Buluu yenye mistari iliyosimama.* Wanaochanganywa zaidi ni demasoni (Chindongo demasoni), kenyi (Metriaclima lombardoi) na dume la saulosi (Chindongo saulosi). Ufunguo ni umri. Watoto wote wa saulosi ni wa manjano, wa kike kwa wa kiume; madume ndio wanaogeuka buluu wakikomaa. Kwa hiyo samaki wa sentimita 3 ambaye tayari ana buluu na mistari siyo saulosi, hata muuzaji aape. Amebaki demasoni au kenyi.

Hao wawili wote huanza maisha na mistari. Demasoni ana buluu iliyokolea na nyeusi ya kweli, na mistari yake inaendelea mpaka kichwani, juu ya paji la uso, kama aliyefungwa kitambaa. Mapezi yake ya tumboni ni meusi yenye ukingo wa buluu mpauko. Kenyi mchanga ana buluu ya maziwa, hafifu, na mistari yake ni kama kivuli zaidi kuliko wino, kichwani inafifia. Mwili wake ni mnene zaidi na anakua haraka. Ukiwaweka pamoja miezi mitatu, anayewaacha wenzake kwa urefu ndiye wa kumtilia shaka. Demasoni haendi mbali zaidi ya sentimita 8. Kenyi hufika 13.

Na kuna mtego mwingine hapa. Kwa saulosi, buluu ni dume na manjano ni jike. Kwa kenyi ni kinyume: buluu ni jike, manjano ni dume. Nimekutana na mfugaji aliyenunua "dume la buluu na majike wawili wa manjano" akidhani ni saulosi, kumbe amepeleka nyumbani madume mawili ya kenyi na jike mmoja. Jike yule hakumaliza wiki.

*Manjano matupu.* Samaki mpole kuliko wote katika mwongozo huu ni Labidochromis caeruleus, yule wa manjano anayependwa na kila mtu. Ana mstari mweusi unaopita kwenye pezi la mgongoni, na mdomo mwembamba wa kudonoa wadudu na konokono. Jike la saulosi hana mstari huo, na mdomo wake ni butu, wa kukwangua mwani kwenye jiwe. Dume la kenyi ni la manjano pia, lakini ni kubwa, na ukimwangalia vizuri bado utaona alama za mistari ya kahawia ubavuni.

*Buluu nyeusi yenye mistari iliyolala.* Hapa kuna maingano (Pseudotropheus cyaneorhabdos) wa kisiwa cha Likoma na dume la johannii (Pseudotropheus johannii). Angalia mkia. Mistari ya maingano hunyooka bila kukatika na huingia mpaka ndani ya mkia. Ya johannii mara nyingi imekatikakatika na haifiki huko. Na umri tena unasaidia: maingano huzaliwa na buluu, jike na dume sare, watoto wa johannii ni wa manjano ya chungwa na majike hubaki hivyo maisha yote.

*Manjano yenye mistari myeusi iliyolala.* Hawa ni Melanochromis auratus, anayejulikana na wanasayansi tangu 1897, na Melanochromis chipokae. Majike na watoto ni dhahabu yenye mistari myeusi. Dume akikomaa hujigeuza kama picha iliyopinduliwa, mwili mweusi na mistari ya buluu iliyopauka karibu nyeupe. Chipokae ni mrefu zaidi kwa umbo, pua imechongoka, mdomo ni mkubwa, na anakula samaki wadogo. Wakiwa sentimita 4 wananisumbua hata mimi. Lakini uamuzi wangu kwao ni mmoja: wote wawili ni wakali kuliko karibu mbuna mwingine yeyote, na mtu anayeanza asiwaguse. Chipokae pia amevuliwa mno ziwani kwa ajili ya biashara hii, hivyo kama huna uhakika amezalishwa tangini, muache.

Neno kuhusu madoa ya mayai. Utaambiwa kuwa mwenye madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma, chini ya tumbo, ni dume. Madume wengi wanayo kweli, lakini majike wengi wanayo pia. Kwa aina ambazo jike na dume wanafanana, kama demasoni na maingano, njia ya kuaminika ni kumshika kwa mkono uliolowa na kutazama matundu mawili ya chini. Kwa dume yanalingana. Kwa jike lile la nyuma ni kubwa zaidi. Fanya haraka, sekunde chache tu nje ya maji, na usijaribu kabla hawajafika sentimita 5.

Hatua ya 3: Chagua nani aishi na nani

Dume la mbuna halipigani na kila mtu sawasawa. Linampiga kwanza anayefanana nalo, kwa sababu ziwani anayefanana nalo ndiye mwizi wa majike na wa jiwe lake. Sheria yangu ni aina moja tu kwa kila mchoro: mmoja wa mistari iliyosimama, mmoja wa mistari iliyolala, mmoja wa rangi moja. Demasoni na saulosi usiwachanganye kabisa. Watapigana, na mbaya zaidi watazaana, na watoto wao chotara hawatakuwa na jina.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa tangi la futi nne ni demasoni 12 hadi 15 pamoja na Labidochromis 6. Idadi ya demasoni inashangaza wengi. Ukiweka wanne, mkubwa atawamaliza watatu mmoja baada ya mwingine. Wakiwa 12 na zaidi, hasira yake inagawanyika na hakuna anayefuatwa siku nzima. Kwa aina nyingine weka dume mmoja kwa majike watatu au wanne.

Kenyi, auratus na chipokae wanataka tangi la futi sita na majirani wa ukubwa wao. Kama huna nafasi hiyo, usiwalete.

Hatua ya 4: Tangi na mawe

Urefu wa tangi una maana kuliko kimo, kwa kuwa anayefukuzwa hukimbia mbele, hakimbii juu. Sentimita 120 kwa 45 kwa 50 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Linachukua lita 270. Fundi vioo yeyote mzuri anaweza kulitengeneza. Mwambie atumie kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa ile inaua samaki. Acha ikauke wiki nzima kabla ya kujaza maji. Likijaa na mawe yake litapita kilo 300, kwa hiyo meza ya chakula isahau. Jenga kwa matofali au chuma cha pembe, na juu yake weka tabaka la sponji ngumu.

Mawe huingia kwanza, mchanga baadaye. Mbuna wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka siku moja na kuvunja kioo. Tandika sponji nyembamba au plastiki sakafuni, panga mawe yagusane na sakafu, yatikise kwa mkono mpaka usione yakicheza, kisha mwaga mchanga uliooshwa. Jenga marundo mawili au matatu yenye matundu mengi, na kati ya rundo na rundo acha uwazi. Ukuta mmoja wa mawe kutoka kona hadi kona unampa dume mmoja ufalme wote.

Jiwe lolote lijaribu kwanza kwa tone la siki. Likitoa mapovu lina chokaa. Kwa samaki wengine hiyo ni sababu ya kulikataa. Kwa mbuna, wanaopenda maji yenye madini mengi, ni sababu ya kulichukua. Matumbawe ya baharini usiyang'oe, yako hai na yanalindwa.

Hatua ya 5: Maji

Maji ya Ziwa Nyasa yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 7.7 hadi 8.6 na joto la nyuzi 23 hadi 28. Maji ya visima vya pwani mara nyingi ni magumu, yaani yana madini mengi, na yanafaa, mradi yasiwe na chumvi ya bahari, pima. Maji ya mvua na ya milimani ni laini, yanahitaji kusaidiwa. Tia maganda ya kombe yaliyosagwa, yale wanayouziwa wafugaji wa kuku wa mayai, ndani ya mfuko wa neti kwenye chujio. Maganda yakiwa hayatoshi, baking soda ya jikoni gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai, kwa lita 50 inaongeza karbonati, inayozuia pH isishuke, kwa digrii 3 hivi za kipimo cha tangi. Ni baking soda, siyo baking powder wala magadi. Iyeyushe kwanza pembeni na uiongeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 za kulea bakteria wanaovunja uchafu wa samaki, kabla ya kuwaleta samaki wenyewe. Ukipata sponji chafu kutoka kwenye chujio la mwenzako lenye afya, muda huo unapungua sana. Usilete samaki mpaka vipimo vya amonia na naitraiti, sumu mbili zinazotokana na uchafu huo, visome sifuri. Chujio lizungushe maji yote ya tangi mara 8 hadi 10 kwa saa, na kila wiki badilisha theluthi moja ya maji. Ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Umeme ukikatika, kinachoua ni kukosa hewa. Nunua pampu ndogo ya betri na uiweke mahali unapoweza kuishika gizani. Mwenye tangi Dar es Salaam atahangaika na joto zaidi: fungua mfuniko, weka wavu, elekeza feni juu ya maji. Mwenye tangi Njombe au Mbeya atanunua hita.

Hatua ya 6: Kuwaingiza

Waingize wote siku moja, wakiwa wadogo na wa ukubwa sawa. Mgeni anayekuja baada ya mwezi anakuta kila tundu lina mwenyewe. Kama lazima aongezwe, panga mawe upya kabisa kabla ya kumtia, ili kila mtu awe mgeni siku hiyo, kisha zima taa mpaka kesho.

Hatua ya 7: Chakula

Mbuna wengi wana utumbo mrefu wa kusaga mwani. Nyama ya ng'ombe, moyo, kuku, vyote hivyo viache. Chakula cha spirulina, aina ya mwani uliokaushwa, kiwe msingi, na mara moja moja mchicha uliochemshwa kidogo au njegere iliyomenywa. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika moja.

Ukiona samaki amekataa chakula, amejificha, tumbo limevimba na kinyesi ni cheupe kama uzi, huo ni ugonjwa wa kuvimba unaowaua mbuna wengi, na mara nyingi chakula cha nyama nyingi na ugomvi wa mfululizo ndivyo vinavyoufungulia mlango. Simamisha chakula, badilisha nusu ya maji, mtenge, na umwone daktari wa mifugo kuhusu dawa ya metronidazole siku hiyohiyo. Kesho ni kuchelewa.

Hatua ya 8: Ugomvi

Kufukuzana kwa sekunde mbili tatu ni maisha yao ya kawaida, hata ziwani. Unachotafuta ni samaki anayening'inia kwenye kona ya juu karibu na chujio, mapezi yamebanwa, mkia umechanika. Huyo ana siku chache.

Wengi humtoa mwathirika. Mimi hutoa mkorofi. Ukimtoa mwathirika, mkorofi atachagua mwingine kesho yake. Mfunge ndani ya chujio kubwa la plastiki la jikoni linaloelea tangini humo humo, wiki moja, awaone wenzake wakigawana jiwe lake. Akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa. Akirudia mara ya pili, hafai kwa tangi hilo, mtafutie nyumba nyingine. Asiishie mtoni wala ziwani. Ziwa Victoria lilipoteza furu wengi baada ya sangara kupelekwa humo, na ndani ya Ziwa Nyasa lenyewe, kwenye kisiwa cha Thumbi West, kuna mbuna wasio wa pale walioachwa na biashara ya samaki wa mapambo.

Hatua ya 9: Watoto na majina yao

Jike aliyetaga hula mayai yake kwa macho yako, au ndivyo utakavyodhani. Anayaweka mdomoni. Kidevu kinashuka na kujaa, anaacha kula, na kwa muda wa siku 21 hivi anazunguka akitafunatafuna taratibu bila kumeza. Karibu na siku ya 18 mhamishie tangi dogo lenye maji yaleyale. Atawatema watoto wenye umbo kamili, na demasoni mara nyingi hutoa 10 hadi 25. Mpe siku tatu za kula peke yake kabla ya kumrudisha.

Ukiwagawa, andika karatasi na uibandike kwenye mfuko: jina la samaki, wazazi wametoka wapi kama unajua, na tarehe waliyotemwa. Kama tangi lako lina aina mbili zinazoweza kuzaana, andika hivyo pia, au usiwagawe kabisa. Wale kenyi wangu wawili niliwapeleka kwa mzee mmoja mwenye tangi la futi sita. Mfuko wao ulikuwa na karatasi: "Kenyi, madume wawili, waliuzwa kama demasoni." Aliisoma, akawatazama ubavuni, kisha akaniuliza kama nina majike.